Tumekuona, Mwanangu

Kwa miaka thelathini na mmoja alipanda nguzo za simu, akazika nyaya, akafufua laini zilizokufa, na alipostaafu hakuna mtu mtaani aliyemjua kwa jina lingine ila Fundi. Hata mkewe alimwita Fundi. Yeye naye alimwita mkewe Mwalimu, maana ndiyo kazi aliyoifanya mama huyo mpaka uzeeni, na kusema kweli hakuwahi kuiacha. Alimsahihisha mhubiri matamshi, akamsahihisha daktari mwandiko, na hata siku alipoteleza bafuni akavunjika nyonga, wakati watu wanamwingiza kwenye gari la wagonjwa, alimwambia dereva kwamba maandishi ya ubavuni mwa gari lake yana herufi moja ya ziada.

Alipasuliwa, akatiwa chuma, akarudishwa nyumbani na masharti. Alale miezi mitatu. Asikae kitako zaidi ya robo saa. Kubebwabebwa, marufuku. Basi maisha yake yote yakahamia chumba chao cha kulala, kilichokuwa nyuma kabisa ya nyumba, mwisho wa korido ndefu inayopita jikoni, stoo na bafuni. Nyumba yenyewe ilikuwa ya zamani, ya wakati watu walipojenga kana kwamba wanangoja kuvamiwa, na kuta zake zilikuwa nene kiasi kwamba ukimwita mtu aliye chumba cha pili unaita mara tatu.

Fundi alimnunulia televisheni, akaitundika mbele ya kitanda, akaipima kwa rula ikae sawa. Ilikaa sawa, ila haikuonyesha kitu. Vipindi vyote walivipata kwa intaneti, na intaneti ya nyumba hiyo ilianzia kwenye ruta sebuleni. Ikifika chumbani ilikuwa hoi. Taarifa ya habari ilianza, mtangazaji akafungua kinywa, kiduara kikatokea katikati ya uso wake kikaanza kuzunguka, na kinywa kikabaki wazi. Mwalimu alimtazama muda mrefu, kisha akauliza huyu bwana anataka kusema nini tangu asubuhi.

Intaneti waliwekewa na binti yao, mtoto wao wa pekee, aliyekuwa akiishi ng'ambo. Aliposikia habari za kiduara alimwomba baba yake awapigie kampuni, watume mtu, ni kazi ya saa moja tu. Fundi alicheka. Alisema yeye, aliyewafundisha vijana wangapi kuunga nyaya, aletewe mtoto wa juzi amwonyeshe pa kuchomeka plagi? Watu wangemwonaje?

Ukweli ni kwamba waifai hakuijua. Simu za waya alizijua kama kiganja cha mkono wake, lakini kitu kinachopita hewani bila kuonekana hakikuwahi kumwingia akilini. Alipokuwa bado kazini, mafunzo ya mambo hayo yalipoletwa, aliwapisha vijana kwa utani mwingi ili mtu asigundue kwamba anaogopa. Sasa alikuwa mzee, jina lake lilikuwa Fundi, na hakujua mtu wa umri wake anaanzia wapi kuuliza.

Kati ya Mwalimu na binti yake palikuwa na jambo. Miaka saba nyuma binti alikuwa mwaka wa pili chuo cha ualimu, chuo kilekile alichosoma mama yake. Siku moja akaondoka. Hakuaga, aliacha barua mezani chini ya kopo la sukari, akisema ualimu hauwezi na asitafutwe. Mwalimu aliisoma mara moja, akaikunja, akasema asiulizwe tena habari za mtu huyo. Tangu hapo mama na mtoto walizungumza kupitia kwa Fundi. Mwambie mama nimepata kazi ya kuosha vyombo hotelini. Mwambie binti yako avae sweta. Mwambie mama nimeanza kusomea ukunga. Mwambie, aliyemwambia nimeuliza ni nani? Fundi aliyapokea maneno ya huku na ya kule, na yaliyokuwa makali aliyapunguza makali kabla ya kuyapeleka. Mara nyingine aliongeza ya kwake. Alijiona mwenye busara, na pengine kweli alikuwa amezuia mengi.

Mwalimu alipovunjika nyonga mambo yalilegea kidogo. Binti alianza kuomba apewe mama yake amsalimie. Salamu zenyewe zilikuwa za juu juu, umeamkaje, nimeamka salama, kisha simu ikarudi kwa Fundi haraka kama chungu cha moto. Ilikuwa simu ya Fundi ya vitufe, maana ile ya kisasa ya Mwalimu ilipasuka siku ileile aliyoanguka. Lakini salamu ni salamu.

Ndipo binti akapiga kusema anahitimu, na kwamba amechaguliwa kuzungumza kwa niaba ya wakunga wenzake wote. Sherehe itaonyeshwa mubashara kwenye intaneti, Jumamosi, saa nane mchana. Alimwambia baba yake, "Mama asikose. Tafadhali, baba. Kuna kitu nataka akisikie."

Fundi alisema asiwe na wasiwasi, mama ataona kila kitu.

Mwalimu alipoambiwa aliuliza tu ni saa ngapi. Ila Ijumaa alimwita mke wa jirani aje amsuke, na akasukwa akiwa amelala ubavu, akisaga meno kila alipogeuzwa. Alitaka blauzi yake ya bluu, aliyoivaa siku ya mwisho ya kazi. Alitaka miwani yake isafishwe kwa sabuni.

Huku nyuma Fundi alikuwa kazini. Sebuleni kwake kulikuwa na kabati la chuma, kabati halisi la simu kama yale yanayosimama kando ya barabara, ambalo wenzake walimpa zawadi siku ya kumuaga. Alilipaka rangi ya kijivu, akaliwekea kufuli, na alilipenda kuliko kiti chochote cha nyumba hiyo. Ruta ilipoanza kumsumbua aliona dawa ni kuiheshimu. Akaisafisha, akaiweka ndani ya kabati, akapanga nyaya zake vizuri, akafunga. Halafu akaenda dukani akanunua kifaa cha kuongeza nguvu ya waifai, ambacho muuzaji alikiita busta, na kwa kuwa tatizo lilikuwa chumbani, akakichomeka chumbani, pembeni kabisa ya televisheni. Taa yake iliwaka nyekundu. Alidhani nyekundu ni rangi yake.

Jumamosi asubuhi alijaribu, milango yote ya korido ikiwa wazi na kabati nalo likiwa wazi kwa sababu alikuwa anapangusa vumbi. Picha ilikuja, ikakaa dakika kumi bila kutikisika. Alipiga makofi peke yake. Kisha akafunga kabati, akaenda kuoga.

Saa nane kamili walikuwa tayari, Mwalimu na blauzi yake ya bluu, mito miwili chini ya kichwa, Fundi kwenye kiti na rimoti mkononi. Ulionekana ukumbi mkubwa, maua, watu wenye majoho wanaingia kwa mstari. Muziki ulipigwa. Kisha mstari ukasimama, mguu wa mtu ukabaki hewani, na kiduara kikatokea.

Fundi alisema ni dakika moja. Alikimbia sebuleni akazima ruta, akaiwasha, akasubiri taa zirudi, akafunga kabati, akarudi anahema. Picha ilikuja, ikatoa sauti ya mzee mmoja anayesoma majina, ikakatika katikati ya jina. Akakimbia tena. Akachomoa busta, akaichomeka tundu lingine. Akageuza televisheni upande. Korido ile aliipita mara nyingi kiasi kwamba shati lilimganda mgongoni.

Mwalimu alimwita kwa sauti ya chini. "Fundi. Nibebe unipeleke sebuleni kwenye televisheni kubwa. Mwite jirani, mnishike kwa shuka."

Alimjibu kwamba daktari amekataza. Ni kweli daktari alikataza. Lakini kilichomfunga mdomo si daktari, ni yule jirani: angeingia, angeona picha imekwama, angeuliza. Akasema inakaa sawa sasa hivi, avute subira.

Ilipokaa sawa ilikuwa inakaribia saa tisa na nusu. Watu walikuwa wamesimama, wanapiga makofi kwa nguvu, na mwanamke mmoja mwenye joho alikuwa anashuka jukwaani, mgongo wake ukiwa kwao. Picha ikakwama hapo.

"Ni yeye?" Mwalimu aliuliza.

"Ni yeye," alisema Fundi, ingawa hakujua.

Mwalimu alivua miwani, akaiweka juu ya blauzi, akafumba macho. Hakulalamika. Afadhali angelalamika.

Simu iliita saa kumi. Fundi alitoka nayo mpaka uani, akasimama karibu na kamba ya nguo. Binti alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, nyuma yake kelele za watu, akauliza mmeniona? Fundi alikuwa na nafasi ya kusema hapana. Ilikuwa nafasi nyeupe kabisa. Lakini alikumbuka jinsi alivyocheka alipoambiwa awaite kampuni, na uso ukamchoma akiwa peke yake.

"Tumekuona, mwanangu. Tumekuona vizuri kabisa."

"Na mmesikia? Mpaka mwisho?"

"Neno kwa neno."

Kelele za kule zikapungua, kama mtu aliyejitenga na wenzake. Akauliza, "Mama anasemaje?"

Fundi alisema mama yake amefurahi sana, amechoka, dawa zimemlaza. Binti alingoja. Fundi hakujua anangoja nini.

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Amefurahi."

"Sawa, baba," alisema binti, na sauti ilikuwa imeshuka. "Asante."

Chumbani Mwalimu aliuliza amemwambia nini mtoto. Fundi akatoa uongo wa pili kabla wa kwanza haujapoa. Alisema amemwambia intaneti imekatika, na binti amesema si kitu, hayo hutokea. Mwalimu aliitikia kwa kichwa. Alisema angepewa aongee naye mwenyewe. Fundi akasema laini ilikuwa mbaya.

Wiki ya kwanza binti hakupiga. Wiki ya pili alipiga mara moja, akamuuliza baba yake hali ya nyonga, hakuomba kupewa mama. Mwalimu, ambaye alishazoea ile salamu fupi kuliko alivyotaka watu wajue, alikuwa anasikiliza kutoka kitandani, na simu ilipokatwa aligeuza uso ukutani. Siku iliyofuata aliuliza kama mtoto amekasirika kwamba hawakumwona. Alisema kama amekasirika ana haki. Kisha akasema pengine ana kazi nyingi. Fundi alikubaliana na yote mawili.

Lile "hivyo tu" halikumwacha. Alikuwa akinyoa ndevu analisikia, akikaanga mayai analisikia. Jumapili mchana, Mwalimu akiwa amelala, alikwenda sebuleni, akafunga mlango, akawasha televisheni kubwa. Sebuleni ilikuwa haikwami. Sherehe ilikuwa imehifadhiwa na mtu yeyote angeweza kuitazama. Alipunguza sauti akasogeza kiti mpaka magoti yakagusa meza.

Binti yake alipanda jukwaani. Alikuwa amenenepa kidogo, amependeza. Alizungumza lugha ya kule kwa dakika kadhaa, watu wakacheka, wakapiga makofi. Kisha akasema anaomba radhi, sasa atasema kidogo kwa lugha ya nyumbani, kwa mtu mmoja. Akageukia kamera.

"Mama. Niliondoka kwako kama mpangaji anayekwepa kodi. Nikaacha karatasi. Miaka saba nimekuwa nikimtuma baba, kwa sababu naogopa kukuuliza mwenyewe. Leo nakuomba msamaha mbele ya watu hawa wote, ingawa hawaelewi ninachosema. Nina likizo ya mwezi mzima. Kama umenisamehe, niambie tu nije, nije nikuuguze. Ukinyamaza nitaelewa. Sitakusumbua."

Fundi alizima televisheni. Alikaa pale na mikono mapajani. Mtoto alikuwa ameomba neno moja, naye akamjibu kwamba mama amefurahi. Kule ng'ambo mtu alikuwa amekaa zaidi ya wiki mbili anaamini mama yake amesikia yote na kunyamaza.

Ungetegemea ainuke aende chumbani saa ileile. Aliinuka, akafika mlangoni, akamkuta mkewe ameamka, anamtazama. Akamuuliza kama anataka chai.

Jumatatu hakusema. Jumanne alifungua kinywa mara mbili, mara zote akaishia kuuliza habari ya mito. Alikuwa ameyabeba maneno ya wawili hawa miaka saba, na haya hakuweza kuyabeba hatua ishirini za korido, maana asingeweza kuyafikisha bila kueleza aliyapata wapi na lini. Jumatano alichukua simu akawapigia kampuni. Alijiambia kwamba Mwalimu ataona na kusikia kwa macho na masikio yake mwenyewe, na hiyo ni haki yake. Moyoni alijua pia kwamba ni woga. Anaita mtu aje amsaidie kutosema.

Alhamisi asubuhi alikuja binti wa umri wa miaka ishirini na mitano hivi, kofia ya kampuni kichwani, begi la vifaa begani. Alimwamkia kwa heshima zote. Aliomba kuiona ruta. Fundi alitoa ufunguo mfukoni akafungua kabati.

Yule binti alitazama kabati, akatazama ruta iliyolala ndani kama maiti, akauliza nani aliiweka humu.

"Walioifunga," alisema Fundi. "Wenzako."

Yule binti alitupia jicho ufunguo mkononi mwake. Kisha akaeleza, kwa upole, bila kumtazama sana, kwamba mawimbi hayapiti kwenye chuma, ni kama kumfungia mtu ndani ya sanduku halafu umwambie apige kelele mtaa wa pili usikie. Akaitoa, akaiweka juu ya rafu mkabala na mlango wa korido. Akaenda chumbani, akamwamkia Mwalimu, akaichomoa busta. Alisema hii imewekwa mahali pasipo na mawimbi, sasa itaongeza nini? Akaihamishia kwenye korido, karibu na mlango wa stoo, katikati ya safari, na taa ikawaka kijani. Hata hivyo hakuridhika. Alisema kwa mgonjwa asiyeweza kuinuka asingependa kubahatisha. Bora kuvuta waya kabisa kutoka kwenye ruta mpaka nyuma ya televisheni.

"Waya?" alisema Fundi.

"Waya hauna mpinzani, baba. Kama kuta ni nene, unavuta waya."

Fundi alimshikia ngazi. Alimwona anavyoupitisha juu ya fremu za milango, anavyougongomea vibanio kila baada ya shubiri mbili, anavyoukunja kwenye kona bila kuuvunja, na kila kitu alichokifanya, yeye alikijua. Angeweza kukifanya mwenyewe tangu siku ya kwanza, kwa nusu siku, macho yamefumbwa. Hakuwahi kukifikiria kwa sababu alidhani waya umepitwa na wakati kama yeye. Yule binti, akiwa juu ya ngazi, alisoma maandishi ya picha iliyotundikwa koridoni, ya siku ya kumuaga Fundi. Akauliza kama ndiye yeye. Alisema mwalimu wao chuoni alikuwa akimtaja, kwamba kulikuwa na mzee mmoja aliyeweza kutafuta waya uliokatika kwa kusikiliza tu.

"Ndiye mimi," alisema Fundi. Katika maisha yake hakuwahi kusifiwa akaumia namna ile.

Televisheni iliwaka, picha safi kama dirisha lililofutwa. Mwalimu alijiinua kwenye mito. Yule binti aliuliza wajaribu kitu gani, mama achague mwenyewe. Fundi akachukua rimoti. Akaandika jina la chuo kimakosa mara mbili. Alipoipata akaweka rimoti kitandani, akageuka atoke.

"Kaa," alisema Mwalimu.

Akakaa. Yule binti alibaki mlangoni na bisibisi mkononi, akitazama kama picha itakwama. Haikukwama. Maneno yalitoka yote, moja baada ya lingine, mpaka ukinyamaza nitaelewa, mpaka sitakusumbua, na makofi, na mgongo ukishuka jukwaani. Alikuwa ni yeye kweli.

Mwalimu aliomba irudishwe. Ikarudishwa, akasikiliza mara ya pili, machozi yakimpitia pembeni kuingia masikioni kwa vile alikuwa amelala. Alipomaliza hakugeuza kichwa.

"Hii ndiyo ya siku ile?"

"Ndiyo."

"Ulimwambia hatukuona."

Fundi alitazama vidole vyake. "Nilimwambia tumeona. Nilimwambia umefurahi."

Yule binti wa kampuni aliondoka mlangoni kimyakimya, na hatua zake zikasikika zikienda mbali zaidi ya ilivyohitajika.

"Na wewe umejua lini alichosema?"

"Jumapili."

Mwalimu alihesabu kwa vidole juu ya shuka. Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Vidole vitano vikaisha. Alisema, kwa sauti ya mtu anayejieleza mwenyewe jambo, kwamba kumbe mtoto alikuwa mlangoni anabisha hodi, na mwenye nyumba anamwambia hatujambo.

Fundi alianza kusema kwamba alitaka kwanza... Hakumaliza. Hakukuwa na kitu alichotaka kwanza.

"Piga simu," alisema Mwalimu. "Anza wewe. Halafu nipe."

Alipiga hapohapo, mbele yake. Binti yao alipokea upesi akauliza kuna nini, mama amezidiwa? Fundi alisema mama hajambo. Akavuta pumzi.

"Mwanangu, siku ile hatukukuona. Picha ilikwama. Mama yako hakusikia hata neno moja, amesikia leo. Nilikudanganya."

Fundi akatazama kama simu imekatika.

"Kwa nini, baba?"

"Niliona aibu. Nilikwambia nitatengeneza, sikuweza."

"Kwa ajili ya ruta?" alisema binti. Hakupaza sauti. Aliuliza kama mtu anayetaka kuhakikisha amesikia sawasawa. "Baba, kwa ajili ya ruta?"

"Kwa ajili ya ruta."

"Mpe mama."

Mwalimu alipokea simu, akaiweka sikioni, akamtazama mumewe, akamwonyesha mlango kwa macho. Fundi alipofika kizingitini aliambiwa aufunge mlango. Akaufunga.

Koridoni yule binti alikuwa amepiga magoti, anakusanya vipande vya nyaya sakafuni. Fundi alisimama karibu naye. Akamwambia, akitazama ukuta, kwamba ruta aliiweka kabatini yeye mwenyewe, si wenzake.

"Nilijua, baba," alisema yule binti. "Wenzangu hawana ufunguo wako." Hakusema kwa kejeli. Alimpa karatasi atie sahihi kwamba kazi imekamilika, akamwonyesha pa kusaini, akaaga.

Nyuma ya mlango sauti ya Mwalimu ilikuwa inaendelea, chini, bila kupumzika, kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuisikia. Hakupata neno hata moja. Alikaa kwenye kigoda kando ya jiko akangoja aitwe, na hakuitwa.

Mchana Mwalimu alimweleza kwa ufupi, akila uji, kwamba mtoto amesamehewa na amesamehe. Likizo yake, alipoona hakuna jibu, alishampa mwenzake aliyekuwa na harusi. Hawezi kuipata tena mpaka mwakani. Nyonga itakuwa imepona kwa wakati huo, hatakuta wa kuuguza. Fundi aliuliza kama hakuna namna ya kuzungumza na wakuu wake wa kazi. Mwalimu alisema hakuna, akamrudishia bakuli.

Hakumgombeza, siku hiyo wala zilizofuata. Alimwambia nigeuze, akamgeuza. Alimwambia taratibu, akafanya taratibu. Televisheni ilionyesha vizuri na waliitazama pamoja, kila mmoja akitazama mbele. Simu ya vitufe ilihamia juu ya meza ya Mwalimu. Ilipoita yeye ndiye aliyepokea, na Fundi alijifunza kutafuta kazi ya kufanya uani.

Ilipita wiki moja na siku mbili. Alikuwa anaanua nguo aliposikia anaitwa. Alikwenda mbio na mashuka begani. Mwalimu alikuwa amemnyooshea simu.

"Anakutaka."

Aliipokea kwa mikono miwili. Binti yake alimsalimia, akamuuliza hali. Kisha akasema, "Baba, bado nina hasira na wewe. Sijui zitaisha lini."

"Una haki," alisema Fundi.

"Umekula?"

Alimwambia bado. Binti akamwambia akale kwanza, asikae na njaa, wataongea siku nyingine. Fundi alisema sawa. Akamrudishia mkewe simu, akaweka mashuka juu ya kiti, akaenda jikoni kujipakulia.